Shajara ya mradi: Kuzalisha Kohaku wenye rangi safi, Tabora

Kumbukumbu hizi ni za mradi mdogo wa kuzalisha koi, samaki wa mapambo wenye rangi, katika viunga vya Tabora mjini. Lengo si wingi wa samaki. Lengo ni kuinua ubora wa rangi kutoka uzao mmoja hadi mwingine: wekundu mnene, weupe usio na unjano, na mpaka uliokatika vizuri baina ya rangi hizo mbili. Zimeandikwa ili mwenye mabwawa mawili matatu afuate hatua bila kulipia tena hasara ambazo zimeshalipiwa hapa. Bei zote ni shilingi za Tanzania za wakati husika.

Aina iliyochaguliwa ni Kohaku, koi mweupe mwenye mabaka mekundu. Sanke na Showa, aina nyingine mbili za koi, wana weusi juu ya rangi hizo mbili, na weusi wa koi hujificha na kuibuka kufuatana na maji na joto, kiasi kwamba anayeanza hawezi kujua anachuja damu ya samaki au anachuja hali ya hewa. Kohaku haifichi kitu. Ukikosea utaona mwenyewe ndani ya miezi mitatu.

Mei 2023: Mabwawa na maji

Bwawa la malezi ni la udongo, mita 10 kwa 20, kina cha sentimita 80. Udongo mweusi wa mbuga unashika maji vizuri, haukuhitaji turubai. Kuchimba kwa vibarua: 480,000. Matangi mawili ya saruji ya lita 6,000 kila moja, majike kwao na madume kwao: 1,350,000 pamoja na fundi. Tangi la turubai la lita 3,000 la kutotolea mayai, pamoja na la karantini la lita 1,500 lililojitenga na mengine: 260,000. Pampu mbili za hewa: 290,000. Paneli ya sola na betri ya kuendesha pampu umeme ukikatika: 640,000. Jumla 3,020,000.

Tatizo la kwanza lilitoka kwenye saruji. Matangi mapya yalijazwa, yakamwagwa, yakajazwa tena, na bado kwa mara ya tatu kipimo cha uasidi wa maji (pH) kilisoma 9.6. Chokaa ya saruji huendelea kuchujuka kwa wiki nyingi. Hatari yake kubwa iko kwenye amonia inayotoka kwa samaki wenyewe: katika nyuzi 25, maji ya pH 8 huwa na takriban asilimia 5 tu ya amonia hiyo katika umbo lenye sumu, lakini yakifika pH 9 inapanda hadi zaidi ya theluthi. Kiasi kile kile cha kinyesi ambacho jana hakikudhuru samaki, leo kinaua. Kuta zilisuguliwa kwa siki, matangi yakajazwa maji na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, yakaachwa wiki nzima, kisha yakamwagwa na kusuguliwa tena. Kazi ilirudiwa hadi pH ilipokaa chini ya 8.3 kwa siku tatu mfululizo bila kupanda. Msiingize samaki kwa kipimo cha siku moja, kwa sababu asubuhi husoma chini na alasiri ikapanda.

Maji ya bomba hapa Tabora yanatoka Ziwa Victoria na yanawekwa klorini. Ili klorini iishe, hukaa kwenye pipa lililo wazi na jiwe la hewa (kitoa mapovu cha pampu) kwa saa 48, au hutiwa thiosulfati ya sodiamu: gramu 5 kwa lita 1,000 zinatosha kwa maji yenye klorini ya miligramu 0.5 kwa lita. Maji ya mvua kutoka bati ni laini mno. Yakitumika peke yake pH huporomoka ghafla, kwa hiyo tunachanganya nusu kwa nusu na ya bomba.

Jambo la mwisho kuhusu mabwawa, nalo si la hiari: hakuna mfereji wa kutokea nje. Maji yanayomwagwa yanapita kwenye chujio la chandarua cha mbu lililokunjwa mara mbili, kisha shimo la changarawe, kisha bustani. Maji ya mto Igombe wa hapa Tabora huishia mto Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika, lenye samaki wengi wasiopatikana kwingine kokote duniani. Koi ni karpi. Huchimbua matope, hung'oa majani ya majini na huzaa mayai kwa maelfu. Asiyeweza kuziba njia za maji asianze kazi hii, na anayetaka kuingiza samaki wa kigeni aonane kwanza na ofisa uvuvi kuhusu kibali.

Julai 2023: Wazazi na karantini

Majike watatu kwa 180,000 kila mmoja na madume sita kwa 90,000, kutoka Dar es Salaam kwa basi. Walifungishwa kula siku mbili kabla ya safari, mfuko mmoja samaki mmoja, theluthi maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya maboksi yaliyofunikwa gunia lenye unyevu. Wote walifika wazima.

Karantini wiki nne. Julai maji ya Tabora hupoa sana usiku, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: virusi vya herpesi vya koi huonyesha ugonjwa maji yakiwa kati ya nyuzi 18 na 28, na samaki aliyebeba virusi anaweza kukaa kimya kwenye baridi kisha akaangusha bwawa zima joto likirudi. Ugonjwa huo hauna dawa. Kwa hiyo tangi la karantini liliwekewa hita na kushikwa kwenye nyuzi 24 muda wote, na chumvi gramu 3 kwa lita kwa wiki ya kwanza. Nyavu na ndoo za karantini hazivuki kwenda upande mwingine.

Kukagua mzazi kunafanyika kwenye beseni la buluu, kivulini, asubuhi. Taa ya umeme ya manjano hufanya kila wekundu uonekane mzuri. Mambo matatu yanaangaliwa.

Unene wa wekundu. Tazama katikati ya baka. Kama unaweza kuhesabu gamba mojamoja kwa sababu kila moja lina kivuli chake, wekundu ni mwembamba. Wekundu mnene hufunika kingo za magamba na baka likaonekana kama limepakwa kwa mkono mmoja.

Mpaka. Magamba hulaliana kuelekea mkiani, ndiyo maana baka moja lina mipaka ya tabia mbili. Upande wa nyuma, gamba jekundu liko juu ya jeupe, na mpaka unapaswa kuwa mkali kama ukingo wa sarafu. Upande wa mbele, gamba jeupe limelalia jekundu, hivyo wekundu unaonekana kwa chini kama umefunikwa na karatasi ya mafuta. Ukungu huo wa mbele si kasoro kwa samaki mdogo ikiwa una upana wa gamba moja kote, na huziba ngozi inavyozidi kunenepa. Ukiwa gamba moja hapa na matatu pale, hauzibi sawasawa. Ukungu wa upande wa nyuma ni kasoro ya kudumu.

Weupe. Uwe wa maziwa, hasa begani na kwenye shina la mkia. Unjano kidogo kichwani kwa samaki mchanga hupotea. Unjano wa mwilini haupotei.

Jike aliyechaguliwa kwa msimu huu ana mabaka matatu yaliyopangika vizuri mno kutoka kichwani hadi mkiani. Wekundu wake ni wa wastani, magamba yanahesabika begani. Alichaguliwa kwa mpangilio wa mabaka, na athari ya uchaguzi huo iko kwenye kumbukumbu ya Februari.

Oktoba 2023: Uzazi wa kwanza

Majike na madume walikaa matangi tofauti tangu Agosti. Wakikaa pamoja hutaga wakati wasiotarajiwa na mayai huliwa. Dume aliye tayari ana vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na kwenye mwale wa kwanza wa mapezi ya kifuani. Ukipitisha kidole yanakwaruza kama msasa. Jike aliye tayari ana tumbo pana lililolegea upande wa nyuma.

Jike mmoja na madume watatu waliingizwa jioni kwenye maji mapya ya nyuzi 23. Walitaga alfajiri. Jike hutoa takriban mayai 100,000 kwa kila kilo ya uzito wake, na mayai hunata. Sehemu ya kutagia ilikuwa vishada vya katani. Katani mpya ilichuja maji ya hudhurungi na kuanza kunuka siku ya pili hata baada ya kuchemshwa. Kamba ya nailoni iliyofumuliwa, ikafungwa vishada vya urefu wa mkono, inafanya kazi ile ile, haiozi, na hugharimu 6,000 kwa kilo.

Wazazi wanatolewa mara wakimaliza, la sivyo wanakula mayai. Vishada vilihamishiwa tangi la kutotolea lenye maji ya joto lile lile.

Hapa ndipo zaidi ya nusu ya mayai yalipotea. Yai lililorutubishwa hubaki angavu, rangi ya ute uliochanganyika na asali kidogo, na siku ya pili unaona nukta mbili nyeusi za macho ndani yake. Lisilorutubishwa huwa jeupe kama tone la uji ndani ya siku moja. Ukungu huanzia kwenye hilo jeupe, lakini hauishii hapo: nyuzi zake kama pamba hushika mayai hai ya jirani na kuyanyima hewa. Vishada vilikuwa vimerundikana pembeni, mayai tabaka juu ya tabaka, na jiwe la hewa lilikuwa katikati ya tangi lisikofikia. Kufikia asubuhi ya pili vishada vya pembeni vilikuwa vyeupe kabisa.

Dawa yake ina sehemu mbili na ya kwanza ni ya bure. Tandaza vishada kimoja kimoja kwenye fito ili maji yapite pande zote, na weka mawe ya hewa manne badala ya moja. Kisha tia mithilini bluu miligramu 2 kwa lita mara tu vishada vinapoingia, si baada ya kuona ukungu. Kwa nyuzi 24 mayai hutotolewa siku ya tatu. Vifaranga hujishikiza ukutani siku mbili hivi wakila kiini chao, na hawahitaji chakula hadi waogelee wenyewe.

Chakula cha kwanza: kiini cha yai la kuchemsha kilichochujwa kwenye kitambaa cha hariri, kiini kimoja kwa vifaranga 100,000 kwa mlo, mara nne kwa siku, kwa siku mbili tu. Zaidi ya hapo maji yanachafuka.

Novemba 2023: Bwawa la malezi

Bwawa lilikaushwa, likanyunyizwa chokaa gramu 100 kwa mita ya mraba, likawekwa samadi kavu ya kuku gramu 60 kwa mita, kisha likajazwa maji. Hadi hapo sawa. Lakini mayai yalichelewa, na bwawa lilikaa na maji wiki tatu kabla ya kupokea vifaranga 30,000. Maji yalikuwa ya kijani na yenye uhai mwingi, yakaonekana mazuri. Baada ya wiki mbili wavu wa kukokota ulitoa lava wa kereng'ende wengi kuliko samaki.

Kinachotokea ni hiki. Bwawa jipya lenye samadi hupitia zamu. Siku ya tatu hadi ya saba huzaliana rotifa, vijidudu vidogo vinavyotosha mdomo wa kifaranga. Baada yao huja dafnia na saiklopi wakubwa zaidi, na saiklopi mwenyewe hushambulia kifaranga wa siku chache. Wiki ya tatu tayari kuna lava wa kereng'ende, wadudu waogeleao chali, na viluwiluwi. Kifaranga wa milimita saba akiingia zamu hiyo ni chakula.

Kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye mayai, si kwenye bwawa: siku jike anapotaga ndiyo siku ya kufungulia maji bwawani. Siku tatu za kutotolewa, mbili za kujishikiza, na vifaranga wanaingia zamu ya rotifa. Maji yanaingilia kwenye chandarua. Bwawa lote lilifunikwa wavu wa tundu dogo juu ya fito, mita 220 za mraba kwa 385,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mwaka huu baada ya ujenzi na ununuzi wa wazazi, na ndiyo iliyolipa haraka zaidi. Huzuia kereng'ende kutaga, na huzuia mdiria, ambaye huwaona wekundu kwanza na hivyo huchuja bwawa kinyume na unavyotaka.

Waliobaki: takriban 4,000.

Desemba 2023: Mchujo wa kwanza

Siku ya 40, vifaranga wa sentimita tatu hadi nne. Hawakulishwa siku iliyotangulia. Mchujo wa kwanza ni mwepesi kwa macho na mgumu kwa moyo: wanatoka wenye uti uliopinda, midomo iliyokwenda upande, vifuniko vya mashavu vifupi, kisha weupe watupu, wekundu watupu, na wenye rangi ya kijivu ya karpi wa asili. Kohaku kwa Kohaku bado huzaa weupe watupu na wekundu watupu wengi. Hilo ni la kawaida, si dalili ya wazazi wabaya.

Wapo pia majitu, vifaranga waliokua mara mbili ya wenzao. Wanakula ndugu zao. Waondolewe mapema hata kabla ya siku ya mchujo, kwa kijiko cha wavu, kila wanapoonekana.

Wanaotolewa hawamwagwi mtoni wala bwawani kwa jirani. Mafuta ya karafuu mililita 4 kwa lita 10 za maji, yakitikiswa kwanza kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu ili yachanganyike, huwalaza na kuwaua bila kuhangaika. Waachwe dakika 10 zaidi baada ya mashavu kusimama. Kisha wanafukiwa chini ya migomba.

Waliobaki: 620.

Februari 2024: Mchujo wa pili na wa tatu

Mchujo wa pili ulifanyika katikati ya Januari, wakabaki 140. Wa tatu mwishoni mwa Februari, wakabaki 38. Kwenye hatua hizi mbili kulitokea jambo linalostahili nafasi kuliko yote katika shajara hii.

Katika mchujo wa pili walipewa nafasi wale waliokuwa na wekundu mkali, wa rangi ya damu, wakiwa na sentimita saba tu. Walipendeza kwenye beseni. Waliokuwa na rangi ya chungwa iliyoiva, laini, walitolewa kwa wingi. Wiki sita baadaye wale wa damu walikuwa wamekwama: hawakukua, na wekundu ulianza kuvunjika katikati ya mabaka na kuacha madirisha meupe ya gamba moja moja. Wachache wa rangi ya chungwa waliobakizwa kwa sababu ya umbo zuri walikuwa wameanza kujaza, rangi ikiingia kutoka chini na kupanda.

Sababu yake: wekundu unaowahi kuiva kwa samaki mdogo mara nyingi ni safu nyembamba iliyokwisha kukamilika. Mwili ukitanuka, rangi ile ile inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Madume huwahi kuiva kuliko majike, kwa hiyo anayechagua wakali anachagua madume pia bila kujua, na mwakani hana majike wa kuzalisha. Kwa sentimita saba angalia mpaka wa nyuma na usawa wa rangi ndani ya baka, si ukali wake. Rangi ya chungwa iliyo sawa kote ni bora kuliko damu yenye mawingu.

La pili lililodhihirika ni la wazazi. Jike alichaguliwa kwa mpangilio wa mabaka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefanana naye kwa mpangilio. Walichofanana naye wengi ni wekundu wa magamba yanayohesabika. Mpangilio wa mabaka haurithiwi baka kwa baka. Unene wa rangi, weupe wa ngozi na umbo la mwili hurithiwa kwa kiasi kikubwa zaidi. Basi mzazi achaguliwe kwa ngozi, na mtoto achaguliwe kwa mabaka. Mzazi mwenye baka moja baya lakini wekundu mnene ana thamani kuliko mrembo mwenye rangi nyepesi, na dukani huuzwa nusu bei.

Aprili 2024: Chakula cha rangi

Samaki hatengenezi rangi nyekundu mwilini kutoka sifuri. Huipata kwenye chakula, na koi ana uwezo wa kugeuza zeaksanthini, rangi ya manjano ya mwani, kuwa astaksanthini, ambayo ndiyo wekundu wenyewe. Chakula huleta malighafi, lakini hakiwezi kuweka baka mahali ambapo damu haikuweka.

Chakula cha msingi kwa kilo 10: unga wa dagaa wa Kigoma kilo 3.5, soya iliyokaangwa na kusagwa 3, unga wa ngano 1.8, pumba laini ya mpunga 1.5, mafuta ya alizeti gramu 100, mchanganyiko wa vitamini gramu 100. Protini takriban asilimia 36. Mahindi ya njano hayatumiki kabisa, kwani rangi yake huingia kwenye weupe. Dagaa wanusweni kabla ya kusagwa. Waliochacha huharibu ini la samaki na rangi hufifia.

Juu ya msingi huo yalijaribiwa uduvi uliosagwa asilimia 10 na pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa asilimia 5, kwa wiki kumi mfululizo. Wekundu ulizidi, ndiyo, lakini wiki ya saba weupe wa begani ulianza kuwa wa waridi, na ya kumi samaki 25 kati ya 38 walikuwa na weupe ulioingia doa. Rangi ikizidi mahitaji ya chembe za ngozi nyekundu haina pa kwenda, inakaa kwenye ngozi nyeupe.

Uduvi na hoho viliondolewa, wakalishwa msingi mtupu. Weupe ulirudi kwa wengi baada ya wiki saba hivi. Wanne hawakurudi. Utaratibu tunaoufuata sasa ni spirulina (unga wa mwani) gramu 25 kwa kilo ya chakula, wiki tatu, kisha msingi mtupu wiki tatu, na kuangalia bega la samaki mmoja yule yule kila mwisho wa zamu. Spirulina ni 85,000 kwa kilo, lakini kilo moja inatengeneza kilo 40 za chakula, na ni nafuu kuliko kupoteza weupe.

Julai 2024: Kipupwe

Asubuhi maji yalishuka hadi nyuzi 18. Mlo mmoja kwa siku, saa nane mchana, hakuna chakula cha rangi. Wekundu ulishikamana na kukolea bila kuongezewa kitu. Ni wakati mzuri wa kuuza, na pia wa kumdanganya mnunuzi, kwa hiyo bei ipangwe kwa jinsi samaki alivyokuwa Machi.

Baadhi walitoa vidoa vidogo vyeusi kwenye weupe baada ya tangi kuongezewa maji ya kisima kirefu, ambayo ni magumu. Vilipungua maji yalipochanganywa tena na ya mvua iliyohifadhiwa.

Walioweza kuuzwa: 29, kwa 15,000 hadi 60,000. Hawauzwi kwa mtu anayetaka kuwaweka kwenye lambo au bwawa lenye mfereji.

Oktoba 2024: Uzazi wa pili

Jike mwingine, mwenye baka moja refu lisilokatika kutoka shingoni hadi karibu na mkia. Watu wa koi humwita wa bei ya chini. Wekundu wake hauonyeshi gamba hata ukimtazama juani, na weupe wa tumbo lake ni wa maziwa. Madume wawili tu, walio na mabaka yaliyokatika, wote wenye mpaka mkali wa nyuma.

Vishada vya nailoni vilitandazwa kwenye fito, mithilini bluu ikatiwa mara moja, bwawa likafunguliwa maji siku ya kutaga na wavu ukiwa juu tayari. Mayai yaliyopotea kwa ukungu hayakufika robo. Vifaranga 30,000 waliingia bwawani siku ya tano. Adhuhuri za mwishoni mwa Oktoba maji ya juu yalifika nyuzi 33, makuti yakawekwa juu ya theluthi moja ya wavu.

Onyo kwa wanaotaka kuchanganya koi wasio na magamba: kuna jeni moja ya magamba ambayo kifaranga akiipata kutoka kwa wazazi wote wawili hafi baadaye, anakufa ndani ya yai. Ukiwazalisha wawili wenye ngozi tupu ya aina hiyo, robo ya mayai imekwenda kabla hujaanza. Mmoja wa wazazi awe na magamba kamili.

Januari 2025: Hali ilivyo

Waliotoka bwawani kwa mchujo wa kwanza walikuwa takriban 17,000, wakabaki 2,900. Mchujo wa pili: 510. Sehemu kubwa ni rangi ya chungwa iliyo sawa, na mpaka wa nyuma umeanza kukaza. Wengi wametoka na baka refu lisilokatika, na hao ndio wanaopunguzwa sasa. Kazi ya kuwatazama mmoja mmoja kwenye beseni inachukua asubuhi nzima kwa samaki 150, na haiharakishwi. Jicho likichoka huanza kusamehe.

Gharama za uendeshaji tangu Oktoba: chakula 310,000, umeme na maji 145,000, dawa na chokaa 58,000, vibarua wa kukokota wavu 90,000.

Mchujo wa tatu utafanyika mwishoni mwa Februari, shabaha ikiwa samaki 120. Kati yao watatafutwa majike wanne wenye ngozi ya mama na mabaka yaliyokatika. Hawatazalishwa na kaka zao, kwani uzao wa ndugu huleta vilema vya uti na mdomo ambavyo mchujo wa kwanza ulikuwa umeshavipunguza. Dume wa damu nyingine anatafutwa, na tangi la karantini limeshasuguliwa na kukaushwa kwa ajili yake.